Laptopu Imekataa Waifai? Usikimbilie Kununua Nyingine

Leo naongea na wenzangu wa steshenari, hasa tulioko huku Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere. Mteja amepanda gari kutoka kijijini aje kuombewa mkopo wa HESLB, kujaziwa Ajira Portal au kufuatiliwa TIN. Akikuta laptopu yako haishiki mtandao, anavuka barabara kwa jirani. Na dirisha la maombi likifungwa, limefungwa.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kazi moja ni 3,000 na kwa siku unakosa kazi 5. Hiyo ni 15,000. Siku sita tu ni 90,000.

Kuna mama mteja wangu aliambiwa na fundi mmoja kwamba bodi kuu imekufa, anunue laptopu nyingine. Akiba yake ilikuwa magunia ya mahindi anayosubiri bei ipande, akataka kuyauza hapo hapo kwa bei ya mavuno. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza tuifungue." Kilichokufa ni kadi ya waifai, kidude kidogo kuliko kiberiti. Tukabadilisha, magunia yakabaki ghalani.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. HAKIKISHA UGONJWA
Angalia kwanza kama alama ya ndege imewashwa kwa bahati mbaya. Kisha bonyeza batani ya Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc. Kadi ikionekana na alama ya njano, mara nyingi shida ni draiva. Isipoonekana kabisa, na Bluetooth nayo imepotea, ishuku kadi yenyewe, maana kwenye laptopu nyingi hivyo viwili vinakaa kwenye kadi moja. Kabla ya kufungua, zima kabisa, chomoa chaja, shikilia batani ya kuwashia sekunde 30, uwashe tena. Mara nyingine inarudi bila kugusa bisibisi.

2. JUA KADI INAYOINGIA
Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Laptopu za zamani zinatumia kadi ya mini PCIe. Za miaka ya karibuni nyingi zinatumia M.2 2230, yaani upana milimita 22 na urefu 30. Haziingiliani. Pia kadi za Intel kama 9560 na AX201 zinataka laptopu maalumu za Intel. AX200 na AX210 zinakubali laptopu nyingi zaidi zenye nafasi ya M.2. Baadhi ya HP na Lenovo za zamani zinakataa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda: ukiwasha, inakuandikia onyo na kugoma. Kwa hiyo andika namba ya kadi ya zamani, utafute inayofanana nayo. Na kama kadi imechomelewa kwenye bodi, nunua kifaa cha waifai cha kuchomeka kwenye USB.

3. KUFUNGUA
Zima, chomoa chaja, fungua kava la chini, chomoa waya wa betri. Huku kwetu Ufipa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi na ukavu, na masweta yanatengeneza umeme tuli unaoweza kuua kadi. Vua sweta, gusa chuma kwanza, kadi ishike pembeni. Piga picha nyaya mbili za antena kabla ya kuzitoa, ujue ipi ilikaa wapi. Zivute kwenda juu taratibu. Toa skrubu, kadi itainuka yenyewe. Mpya iingize kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu, bonyeza vichwa vya antena mpaka usikie "tik". Usipochomeka antena, waifai itaonekana ukiwa karibu tu na simu, ukisogea inapotea.

4. DRAIVA
Mtu anauliza, nitapakuaje draiva wakati sina mtandao? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, halafu kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Laptopu inapata mtandao bila waifai. Ujanja huu unaokoa hata siku kadi imekufa na wateja wamejaa mlangoni. Chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni ya laptopu au ya kadi, usichukue kwenye tovuti za ovyo ovyo.

5. LINDA BANDO
Ukishaunganisha, fungua mipangilio ya mtandao huo, washa batani yenye neno Metered. Windows itapunguza kupakua vitu vyake kwa bando lako. Kama hotspoti inatoka chumba kingine, tumia 2.4 GHz, inapenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz. Nywila weka ndefu, usiibandike ukutani.

Wadau, fundi akikwambia laptopu imekufa, muulize swali moja: "Umejaribu kadi nyingine?" Akisitasita, usitoe hela ya laptopu mpya bado. Na kesho kabla hujafungua ofisi, jaribu ule ujanja wa waya wa USB ukiwa umetulia, usisubiri siku ya mwisho ya maombi.