Ishango: pale mfupa wa kuhesabia ulitoka

Ukiuliza vijana wa Butembo nini iko Ishango, wengi watajibu: samaki, viboko na walinzi wa Parc. Ni kweli. Lakini pale pale, penye mto Semliki unatoka katika ziwa Edouard, katika territoire yetu ya Beni, kuna udongo unaojulikana na wataalamu wa dunia nzima.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba kando ya ziwa. Alipata mawe yaliyochongwa, mifupa ya watu, na vyusa vya mfupa, yaani mikuki midogo yenye meno ya kuchomea samaki. Tena akapata kamfupa ka sentimita 10 hivi, kenye kijiwe kwenye ncha na mikato mingi katika mistari mitatu.

Hesabu mwenyewe. Mstari mmoja una mikato 11, 13, 17 na 19: jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9: tena 60! Wa katikati una 3 na 6, kisha 4 na 8, kama mtu anayezidisha kwa mbili. De Heinzelin aliona ni hesabu. Mmarekani Alexander Marshack alisema ni kalenda ya mwezi. Wengine wanasema ni mikato tu ya kusaidia mkono usiteleze. Bishano halijaisha, lakini watu wanaovua na kugawana samaki, mimi sishangai kama walihesabu.

Umri wake? Miaka kama 20,000. Kule kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, bahari ya Mediterania, watalii wanalipa tiketi kuona mahekalu ya mawe ya Ggantija, yenye miaka zaidi ya 5,000. Na hapo Katanda, ukishuka Semliki kidogo, vilipatikana vyusa vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa (samaki, si mtoto wa pili wa kiume!).

Sasa, nani kwetu anaenda kuona? Ishango iko ndani ya Parc Virunga, kwa hiyo lazima ruhusa ya ICCN. Barabara ya Beni-Kasindi imeshambuliwa mara nyingi, na mzazi gani atatuma mtoto pale kwa matembezi ya masomo? Ukifika hata hivyo, usiokote kitu: ni tabaka la udongo linalosema umri, na jiwe likishatolewa pale limenyamaza.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi ya asili. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Ukirudi, utawekwa wapi? Musée kubwa ya taifa, iliyofunguliwa 2019, iko Kinshasa, na kwa mtu wa Butembo Kinshasa na Brussels zote ni safari ya ndege.

Mwalimu wa hesabu asingoje ndege. Kijiti cha sentimita 10, kisu, na zile namba za hapo juu: somo la kesho asubuhi liko tayari.