Klachi Haifi Bure

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa napanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, pikapu tupu, nyuma kuna matenga matupu ya nyanya tu, na kabla sijafika Soni nikasikia harufu kama ya ukoko wa wali ulioachwa motoni ukichanganyika na mpira unaoungua. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likabaki na mwendo uleule. Anayeendesha gari la gia za mkono kwenye milima yetu haulizi hapo. Klachi inateleza.

Kuisha kwa klachi peke yake kusingeniuma. Barabara ile ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1,000, na Hilux yangu ya dizeli, yenye injini ya 3L, maisha yake ni humo. Kilichoniuma ni kwamba klachi ile ilikuwa na miezi saba. Nilibadilishiwa gereji, nikalipa, nikaambiwa nisahau habari ya klachi kwa miaka. Nikaapa kwamba safari hii nitafungua mwenyewe, nyumbani kwangu, nione kwa macho yangu kinachoziua klachi zangu.

Kwa asiyeijua klachi, hali ni hii. Injini ikiwaka haiachi kuzunguka, lakini magurudumu lazima yapate nafasi ya kusimama. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Linagusana na klachi pleti, sahani nyembamba yenye ngozi ngumu pande zote mbili, na katikati yake pana tundu la meno linaloshika shafti ya giaboksi. Presha pleti inaibana sahani hiyo kwenye flaiwili kwa springi bapa yenye vidole. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanatoka silinda ya juu yanakwenda kusukuma silinda ya chini, ile inasukuma foki, foki inasukuma rilizi beringi, beringi inavibonyeza vile vidole, bano linaachia. Bandika viganja vyako pamoja uvibane: ukizungusha kimoja, cha pili kinafuata. Vilegeze, kila kimoja kinakwenda kivyake. Ngozi ikilika, au ikilowa, bano linakosa cha kushika.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwamkia jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuendesha malori.

“Marahaba, binti yangu. Umeipima, au unafuata harufu tu?”

Akanipimisha palepale. Hendibreki juu, gia ya nne, achia klachi polepole. Klachi nzima inazima injini hapohapo. Yangu iliendelea kunguruma tu, kama gari lililo friigia.

Mzee hakuridhika. Akaniuliza kama gia zinakataa kuingia, kama pedali imekuwa laini, kama kuna mlio. Nilidhani ananichelewesha, kumbe ananiokoa na kazi ya bure. Pedali ikizama na gia zikakataa, tazama kwanza kikopo cha mafuta na zile silinda mbili, kwani huenda ugonjwa uko huko wala huna haja ya kushusha kitu. Mlio unaosikika unapokanyaga pedali mara nyingi ni rilizi beringi. Mlio unaosikika mguu ukiwa nje, ukanyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya giaboksi yenyewe, na klachi mpya haitauponya.

Niseme pia kwamba Hilux yangu inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, giaboksi imelala kwa urefu chini ya sakafu, inavutwa kwa nyuma inatoka. Gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele ni shughuli nyingine: nafasi ni finyu na shafti za magurudumu lazima zitoke. Kama hujawahi kufungua, usianzie hapo.

Uwanja wangu ni wa udongo, na udongo hudidimia. Tulilaza vipande vya mbao nene chini ya stendi nne za chuma, tukaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu tulipokuwa tunanyanyua, kisha mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea ufundi wa magari, akalisukuma gari kwa bega kutoka kila upande. Halikutikisika. Ndipo tukaingia chini. Nawasihi mnaosoma hapa: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka bila kukuaga.

Tulichomoa waya wa hasi wa betri, tukamwaga oili ya giaboksi, tukatia alama ya rangi kwenye flanji ya propela ili irudi ilivyokuwa, tukaitoa. Fimbo ya gia inatolewa ukiwa ndani ya gari. Kebo ya spidomita, waya wa taa ya rivasi, stata. Silinda ya chini ya klachi tuliifungua bolti zake mbili tukaitundika kwa waya pamoja na paipu yake, bila kuifungua paipu, na hivyo hatukuhitaji kutoa hewa baadaye. Nikaegesha kigoda kwenye mlango wa dereva ili mtu asije akakanyaga pedali kwa mazoea, maana pistoni ingeruka nje.

Injini inashikwa kwa jeki na ubao kabla hujafungua mtambaa unaobeba giaboksi, la sivyo inainamia nyuma. Bolti za juu za kengele ya giaboksi, lile ganda linaloifunika klachi, zilitula saa nzima. Huzioni, unazitafuta kwa ncha za vidole, na zinafikiwa kwa vipande vya kurefusha spana vilivyoungwa vitatu. Giaboksi yenyewe tuliishusha watu wawili juu ya jeki ya pili, tukiivuta sawasawa. Ukiiacha ining’inie kwa shafti yake ndani ya sahani, utaipinda sahani.

Bolti za presha pleti tulizilegeza kidogo kidogo kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, mpaka springi ikaishiwa nguvu. Sahani ikaniangukia mkononi. Vumbi la klachi halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu ngozi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo inaharibu mapafu. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji, barakoa usoni.

Na hapo ndipo nilipoliona jibu. Ngozi ya sahani ilikuwa bado nene. Riveti zake zilikuwa zimezama ndani kabisa, hazijaanza hata kukaribia uso. Lakini ilikuwa nyeusi, inang’aa kama sufuria iliyopakwa mafuta, na nilipoikwaruza kwa kucha, kucha ikatoka na utando mweusi. Klachi hii haikulika. Ililoweshwa.

“Mafuta ya wapi, Shangazi?” akauliza kijana. Swali hilo lina thamani kuliko spana zote. Mafuta yanaweza kutoka mbele, kwenye sili ya nyuma ya krenki ya injini, au kutoka nyuma, kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Mzee alichovya kidole kwenye kengele, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ya gia ina harufu nzito ya kiberiti, ukiinusa mara moja huisahau. Hii haikuwa nayo. Ilikuwa nyepesi na nyeusi tititi, oili ya injini ya dizeli. Tukafungua flaiwili, na nyuma yake sili ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya viatu vya zamani, mdomo wake umepasuka, chini yake mchirizi wa oili umeganda na vumbi la tabaka juu ya tabaka. Tabaka zile hazikuwa za miezi saba. Aliyenifungia klachi mara ile alikuwa amelala mahali nilipolala mimi, uso wake kwenye mchirizi ule, akafunga sahani mpya juu yake. Sili ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha.

Jumatatu kazi ilikuwa nyepesi. Flaiwili niliipeleka kwa mkerezaji wa vyuma, kwa kuwa ilikuwa na mabaka ya bluu ya joto. Sili mpya tuliipaka oili mdomoni, tukaigonga taratibu kwa ubao. Mzee akatuonyesha kijistari kilichochimbwa na sili ya zamani kwenye krenki, akatuambia tuikalishe mpya tofauti kidogo, mdomo wake uguse mahali ambapo chuma hakijachimbika. Nilinunua seti nzima, sahani, presha pleti na rilizi beringi, na kabla sijatoka dukani niliiweka sahani mpya juu ya ile ya zamani nikahesabu meno, 21 kwa 21. Kununua sahani peke yake ili kubana hela ni kujiandalia kushusha giaboksi mara ya pili.

Sahani ina uso na kisogo: upande wenye springi zilizotokeza unaelekea giaboksi. Na lazima ikae katikati barabara, la sivyo shafti haitaingia hata mkisukuma kutwa. Kuna kifaa chake maalumu. Mimi nilichukua kipande cha mpini wa jembe, nikakichonga ncha itoshe kwenye beringi ndogo ya krenki, nikazungusha utepe wa umeme mpaka kikakaza kwenye meno ya sahani. Kisha bolti, kwa kuvuka tena, kila moja niutoni mita 19 kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Grisi kwenye meno ya shafti ni ya kupaka na kufuta, ibaki rangi tu. Giaboksi iliingia kwa jaribio la tatu, kijana akiizungusha flanji ya nyuma polepole, hadi tukasikia mlio mdogo wa meno kukutana na meno. Sijui sauti nyingine ya chuma niliyoifurahia kiasi kile.

Hendibreki, gia ya nne, achia. Injini ikazimika papo hapo. “Alhamdulillahi,” mzee akasema, akaenda kunawa.

Wiki za mwanzo niliendesha kwa upole, bila mzigo mzito, na mguu wa kushoto niliufundisha kukaa sakafuni badala ya juu ya pedali. Kwenye mwinuko nashikilia gari kwa hendibreki. Ule mtindo wa kubalansi kwa klachi wakati foleni haisogei nimeuacha. Chini ya kengele ya giaboksi kuna kitundu kidogo. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kupakia kabichi, nalala chini nakigusa. Jana nilikigusa tena. Kidole kilitoka na vumbi jekundu la Soni, kikavu.