Jela Iliyogeuzwa Chuo

Huko Kharagpur, magharibi ya mji wa Kolkata, lipo jengo ambalo Waingereza walilitumia kuwafungia wapigania uhuru wa India. Ndiyo kambi ya Hijli. Tarehe 16 Septemba, 1931, askari waliwafyatulia risasi mahabusu wasio na silaha, wakawaua wawili: Santosh Kumar Mitra na Tarakeswar Sengupta.

India ilipojitawala mwaka 1947 ingeweza kulibomoa jengo hilo la aibu. Badala yake, mwaka 1951 ilizindua humo chuo kikuu cha sayansi na ufundi, cha kwanza katika vile vijulikanavyo kwa herufi za IIT. Viongozi wake walitambua kwamba taifa lisilo na wahandisi wake lenyewe hubaki mateka, hata likiwa na bendera.

Vyuo vingine vilifuata. Bombay ilisaidiwa na Urusi ya Kisovieti, Madras na Ujerumani ya Magharibi, Kanpur na Marekani, Delhi na Uingereza. Baadhi ya mataifa hayo yalikuwa yakitazamana kwa chuki. India ikapokea msaada wa kila mmoja, wala haikumkabidhi yeyote hatamu. Leo vyuo hivyo ni 23.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Vyuo hivi vimejengwa kwa kodi ya umma, na wengi wa wahitimu wake hodari wamekwenda kuzitumikia kampuni za Marekani. Mti umemwagiliwa na mkulima, kivuli kikaangukia ua wa jirani. Tena mtihani wa kuingia, ingawa haumwulizi mtu jina la babaye, humpendelea mwenye fedha za kulipia masomo ya matayarisho.

Mambo haya yatuhusu. Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua tawi Bweleo, Unguja, la kwanza nje ya India. Ni neema, nasi twaipokea kwa shukrani. Walakini yatupasa kuuliza: je, mtoto wa kuli wa bandarini na wa mkulima wa karafuu wataufikia mlango ule? Jibu halitoki Bweleo. Latoka katika shule zetu za sekondari, kwenye maabara zenye vifaa na walimu wa hesabu wanaoheshimiwa. Kila kamati ya shule, kila tawi la wafanyakazi, na wadai hayo sasa. Chuo bora kisicho na njia ya kukifikia ni ukuta mwingine tu.