Nyangumi Wasiohama wa Bahari ya Uarabuni

Wavuvi wa Kizimkazi na Watamu wanajua kwamba nyangumi wa nundu huwajia kila mwaka, baina ya Julai na Oktoba, wakitoka kwenye barafu za kusini ili kuzaa katika maji ya vuguvugu, kisha hurejea walikotoka. Lakini katika Bahari ya Uarabuni, pwani ya Oman, wapo ndugu zao wasioijua safari hiyo, na wataalamu waliochunguza nasaba yao wanakadiria kuwa wamejitenga na wenzao wote kwa miaka 70,000 hivi.

Ukaazi huo ni neema ya kusi. Pepo hizo zinapovuma kandokando ya Dhofar na Masira, huko Oman, husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda mahali pake yakiwa na rutuba tele. Basi vijimea humea, dagaa hufurika, na nyangumi akapata riziki katika bahari ile ile anamozaa.

Lakini kabila lisilopokea wageni, likipungua, halina wa kuliongeza. Mwaka 1966 meli za Kisovieti, zikivua kinyume cha mkataba wa mataifa, ziliwaua zaidi ya 200 katika bahari hiyo. Watafiti waliofuatia, wakimtambua kila mmoja kwa picha ya mkia wake, ambao madoa yake meupe na meusi hayafanani na ya mwingine, walikadiria katika mwaka 2011 kwamba maji ya Oman yalikuwa na 82 tu.

Leo mkuki umeondoka, bali jarife limebaki. Wengi wana makovu ya kamba kwenye shina la mkia, na meli za shehena hupita juu ya malisho yao. Ndiyo maana bandari ya Duqm nchini Oman iliwekewa mpango wa kuwalinda, na kupunguza mwendo kukahesabiwa katika dawa za msiba huo.

Hata hivyo, juhudi za dola moja hazitoshi. Mwaka 2017 nyangumi jike aitwaye Luban, yaani ubani, aliyefungwa kifaa cha setilaiti karibu na Masira, alivuka bahari hiyo hadi pwani ya India. Basi mvuvi wa Oman akiwa mwangalifu na wa ng'ambo asiwe, hasara ni ile ile. Hata kabla ya safari ya Luban, mwaka 2015, wataalamu wa nchi za bahari hiyo walikuwa wameunda mtandao wao, wapeane picha na habari, na kuzihimiza serikali zao zitunze kwa shirika kile ambacho hakuna hata moja iwezayo kukimiliki peke yake.