Mwendo Ndani ya Picha Iliyotulia

Mnamo mwaka wa 1838, Mfaransa Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika za watu na magari ya kukokotwa na farasi. Hata hivyo, picha iliyopatikana inaonyesha barabara iliyo kama mahame. Bamba lililopakwa fedha lililotumika lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na waliokuwa wakipita hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Mtu mmoja tu alionekana bayana: yule aliyesimama ang'arishiwe viatu. Aliyetulia alihifadhiwa, waliotembea walifutika.

Tukio hilo linaibua swali ambalo wapigapicha wamelishughulikia tangu hapo: je, kitu kisichosonga kitaonyeshaje mwendo? Jibu linaanzia kwenye hulka ya kamera yenyewe. Kamera haipokei mwendo; hupokea mwanga. Ndani yake mna shata, yaani kizuizi kinachofunguka na kujifunga ili kupimia mwanga unaoingia. Kila picha, kwa hivyo, ni kipande cha wakati. Kipande hicho chaweza kuwa kifupi au kirefu, na uamuzi kuhusu urefu wake ndio uamuzi wa kwanza wa mpigapicha kuhusu mwendo.

Njia ya kwanza ni kuugandisha mwendo. Shata ikifunguka kwa sekunde 1/1000, mwanariadha wa mbio za kuruka viunzi na maji huonekana ameelea hewani, na matone ya maji yamemzunguka kama shanga. Muda huo mfupi hudai mwanga mwingi. Ndiyo maana picha za aina hii ni rahisi kupigwa adhuhuri kuliko magharibi. Mfano mashuhuri ni wa mwaka wa 1878 huko Palo Alto, California. Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, alitaka kujua jinsi farasi anavyokwenda mbio. Mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kutandaza nyuzi ambazo farasi alizikata alipopita, kila uzi ukifyatua shata ya kamera yake. Picha zilithibitisha kwamba kuna nukta ambapo kwato zote nne huwa hewani. Aidha, zilionyesha kuwa nukta hiyo hutokea miguu inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si inapokuwa imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora.

Je, wachoraji walikuwa waongo? Mchongaji Auguste Rodin alikataa. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka wa 1911, alishikilia kwamba msanii ndiye msema kweli na picha ya kamera ndiyo idanganyayo, kwa kuwa katika maisha wakati hausimami. Alimtetea Théodore Géricault, aliyechora farasi wa mashindano ya Epsom mwaka wa 1821 wakiwa wamenyoosha miguu, kwa hoja kwamba mchoro huo unaunganisha nukta kadhaa za mwendo mmoja. Hoja ya Rodin haibatilishi ushahidi wa Muybridge. Inachobainisha ni kwamba kuonyesha kiungo kilikuwa wapi ni jambo moja, na kuonyesha kwamba kilikuwa kikisonga ni jambo jingine.

Njia ya pili inalikabili jambo hilo la pili. Mpigapicha huiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na kitu kinachosonga huacha ukungu katika njia yake. Maji ya maporomoko hugeuka kuwa mfano wa pazia jeupe, na taa za magari usiku huwa mistari ya mwanga. Hapa umbo hupotea kiasi, lakini mwelekeo na kasi hudhihirika.

Njia ya tatu ni kuufuata mwendo. Mpigapicha huizungusha kamera sambamba na mkimbiaji, akabonyeza kwa takriban sekunde 1/30, na kuendelea kuizungusha hata baada ya kubonyeza. Mkimbiaji husalia akitambulika, mikono na miguu ikiwa na ukungu kidogo, ilhali watazamaji walio nyuma yake huvutika na kuwa michirizi. Yaani, kilichosimama ndicho kinachofutika na anayesonga ndiye anayehifadhiwa. Ni kinyume kabisa cha yaliyojiri kwenye barabara ya Daguerre.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mjadala huu hauishii kwenye kamera. Magazeti ya Kiswahili yana ada ya kuandika maelezo ya picha kwa kutumia kiambishi -ki-: "Mwanariadha akiruka kiunzi", badala ya "ameruka" au "aliruka". Kwa kawaida, kishazi chenye -ki- ya aina hii hutegemea kishazi kikuu, kama katika "nilimwona akiruka". Chini ya picha, kishazi kikuu hakiandikwi, kwani picha yenyewe ndiyo inayochukua nafasi ya "nilimwona". Kiambishi hicho huirejeshea picha ule muda ambao shata iliukata.

Kutokana na hayo, mwandishi wa maelezo ana dhima nzito. Mwanariadha aliyegandishwa hewani, mwili ukiwa umeinama, huenda anaruka na huenda anaanguka. Picha peke yake haiwezi kuamua, kwa maana haina kabla wala baada. Silabi chache za "akiruka" au "akianguka" ndizo zinazomwelekeza msomaji, naye msomaji huamini kwamba ameyaona kwa macho yake mwenyewe.

Ni dhahiri basi kwamba mwendo katika picha ni matokeo ya uteuzi: kiasi gani cha wakati kiruhusiwe kuingia, na ni neno gani lirejeshe kilichoachwa nje. Uteuzi wa kwanza ni wa mpigapicha. Wa pili ni wa mwenye lugha, na kosa lake halionekani kwenye picha.