Usishike nenosiri la mwenzako, mwambie akuhamishie mradi

HEBU piga picha. Wewe na rafiki yako mliunda apu ya kuuza mitumba mkiwa mwaka wa tatu chuoni. Kwa miezi kadhaa mlilala saa nane za usiku, mkitumia laptopu moja na bando la kuchangishana. Sasa apu ina wateja, pesa zinaingia kwa M-Pesa, na rafiki yako amepata kazi. Anakutumia ujumbe kwenye WhatsApp: “Msee, mimi nimetoka. Shika nenosiri, mambo iko fiti.”

Unashukuru, unaingia, unachapa kazi. Miezi sita baadaye akaunti inadai nambari ya uthibitisho, na nambari yenyewe inatumwa kwa laini aliyoacha kuitumia zamani. Au mbaya zaidi, mmekosana na hashiki simu. Hapo ndipo unagundua kwamba hukuwahi kumiliki chochote. Ulikuwa umeazimwa ufunguo tu.

Kupeana nenosiri si kuhamisha umiliki. Akaunti hubaki ya mwenyewe, na siku akiifunga, au ikidukuliwa, jasho lako linakwenda nayo.

Njia ya sawasawa si ngumu. Ikiwa msimbo wenu uko GitHub, mwenye mradi anaingia kwenye mipangilio, anachagua kuuhamisha, anaandika jina la akaunti yako kisha anathibitisha. Wewe unatumiwa barua pepe, na una siku moja tu ya kukubali. Ukilaza damu, mwaliko unaisha na inabidi aanze upya. Ukikubali, mradi unakuja na historia yake yote, nyota zake na hitilafu zilizoripotiwa na watumiaji.

Anwani ya zamani nayo itaendelea kuwaelekeza watu kwako. Lakini chunga: mwenzako akifungua mradi mwingine wenye jina lilelile kwenye akaunti yake, uelekezaji huo unakatika, na wanaofuata anwani ya zamani watajikuta kwa mradi usio wako. Kubalianeni mapema kwamba jina hilo halitumiki tena huko.

Mambo ni hayohayo kwa Play Store. Usirithi akaunti ya mtu. Fungua yako, ambayo ada yake ni dola 25 mara moja tu, kisha aombe Google kuihamisha apu. Watumiaji, alama na maoni yao yatakufuata.

Hapa ndipo wengi hupiga makofi na kuondoka, ilhali kazi imefika nusu tu. Mradi ukihamishwa GitHub, funguo za siri zilizohifadhiwa ndani yake huhama nao. Ukitoka akaunti ya mtu binafsi kwenda ya mtu binafsi, mwenyewe wa zamani pia hubaki kama mshiriki anayeweza kubadilisha msimbo. Muondoe, kisha badilisha kila ufunguo: wa seva, wa hifadhidata, na hasa zile za Daraja zinazounganisha apu yako na M-Pesa.

Kufuta ufunguo kwenye faili pia hakutoshi. Historia ya msimbo haisahau. Ufunguo ulioandikwa humo mwaka jana ungali unasomeka leo. Dawa ni kuufisha na kutengeneza mpya.

Si eti humwamini rafiki yako. Ni kwamba laptopu yake ikiibiwa kwenye matatu, mwizi hatahitaji kukujua ndipo akuibie.

Na ikiwa wewe ndiwe unayeondoka, jiulize unamwachia nani. Mwaka wa 2018, mwenye programu moja ya bure iitwayo event-stream alikuwa amechoka kuitunza. Programu hiyo ilitumiwa ndani ya programu nyingine nyingi na kupakuliwa karibu mara milioni mbili kwa wiki. Mtu asiyemjua akamwandikia, akajitolea kumsaidia, akakabidhiwa. Mgeni huyo akapenyeza msimbo uliofichwa, uliolenga kuiba bitcoin kutoka kwa watumiaji wa pochi ya kidijitali ya Copay. Njama hiyo ilifichuka Novemba mwaka huohuo.

Hakuna aliyevunja mlango hapo. Mgeni aliingia kwa ufunguo aliopewa. Kwa hivyo, kabla ya kukabidhi, mpe mtu kazi ndogo kwanza, mwone anavyofanya, na wajulishe watumiaji kwamba mwenye usukani amebadilika. Nambari za simu walizokupa si njugu za kugawia kila mtu. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mwisho, andikeni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, na kumhamishia mtu hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yenye saini ya anayeitoa. Kubofya vitufe kunahamisha akaunti. Karatasi ndiyo inayohamisha haki. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia: nani anatoa, nani anapokea, nini kinahama (msimbo, jina, anwani ya tovuti, akaunti za malipo), na tangu lini. Kama kuna pesa za maana, mwone wakili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msimbo ni mali.

Basi siku ile ujumbe ukiingia, “shika nenosiri,” usikimbilie kulinakili. Mjibu: “Shukran buda, hongera kwa kazi. Lakini kabla hujaanza Jumatatu, tukae chini saa moja unihamishie mradi vizuri.” Kama ni rafiki wa kweli, hatakasirika. Na kama atakasirika, bora ujue leo kuliko siku apu itakapokuwa na wateja elfu kumi.