Waridi la Februari na Mtama wa Agosti

Kila ifikapo Februari 14, Siku ya Wapendanao, wapo wazee wa Kigali wanaolalamika kwamba vijana wametupa mila kwa kufuata sikukuu za wageni. Lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Umuganura, sikukuu ya mavuno ya Wanyarwanda, haikuzimwa na kijana aliyemnunulia mpenzi wake waridi. Ilipigwa marufuku mwaka 1925 na utawala wa Wabelgiji, ambao pia ulimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa abiru, watunza siri za ibada za kifalme. Wakoloni walijua walichokilenga: katika ibada ile mwami, yaani mfalme, alionja mtama na ulezi mpya kwa niaba ya nchi nzima, na mwami asiyeufungua msimu wa mavuno amepungukiwa ufalme. Sikukuu hufa inaponyang'anywa kazi yake.

Kwa kipimo hichohicho, sikukuu ngeni hupata uenyeji inapopata kazi. Noeli ililetwa na wamisionari, waliofungua kituo cha Save mwaka 1900. Mwami Mutara III Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na leo hakuna mzee anayeiita ya kigeni, kwa kuwa inakutanisha koo. Siku ya Wapendanao nayo inampa kijana wa mjini nafasi ya kutamka mwenyewe mapenzi ambayo zamani yalisemewa na umuranga, yaani mshenga. Watasema ni biashara tu. Kweli, muuza maua hupata riziki yake, lakini tangazo humfikisha mtu dukani mara moja; kinachomrudisha mwaka wa pili ni haja aliyonayo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Umuganura ilirejeshwa rasmi mwaka 2011 na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, basi vijana wanadai nini tena? Wanadai kazi ndani yake. Asiye na shamba hawezi kushukuru kwa mtama ambao hakuupalilia. Serikali imekwisha kupanua maana ya mavuno hadi elimu, afya na teknolojia; kilichobaki ni cha nyumbani. Mzazi, liache waridi la Februari. Agosti ikifika, watoto wanaponyweshwa maziwa, mwite kijana wako mbele ya ukoo, mwulize mwaka huu amevuna nini, kisha yeye ndiye agawe chakula.